Jina Ambalo Kipaza Hakuliita

Ukumbi wa zahanati una kipaza sauti kimoja, kimefungwa juu kwenye kona, na ndani yake ndege wamejenga. Kilifanya kazi kwa muda mfupi tu kilipoletwa, kikakoroma, kikanyamaza, na tangu hapo kazi yake anaifanya mwanamke mmoja mfupi, mnene kiasi, mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa uzi wa sweta. Wagonjwa ndio waliompa jina la Kipaza. Mwanzoni alinuna, baadaye akazoea, na siku hizi ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake huenda hata asigeuke.

Kazi ya Kipaza ni kuita. Anapokea kadi mezani kwa karani, anasimama kwenye mlango unaoelekea vyumba vya madaktari, anaita mgonjwa mmoja mmoja. Utasema, kwani hiyo nayo ni kazi? Jaribu wewe. Watoto wanalia, wazee wanakohoa, wanawake wawili wanabishana nani alitangulia kufika, na nje fundi anagongea bawaba za geti tangu asubuhi. Katikati ya vurugu hiyo jina moja linatakiwa lipite juu ya vichwa vyote, limfikie mwenyewe aliyesinzia benchi la nyuma, tena limfikie bila kumtia hofu. Mgonjwa ukimwita kwa ukali, Kipaza husema, anadhani majibu yake yamekuja mabaya.

Mlango ule umemfundisha mengi kuhusu majina. Jina fupi likiwa peke yake halifiki mbali, linataka refu la kulisukuma. Linaloishia kwa sauti ya wazi linasafiri mpaka nje, linaloishia kwa kufumba midomo linafia mdomoni. Na yapo majina mawili ambayo kila moja ni zuri kivyake, ila ukiyaunganisha hili linalimeza lile, na kwenye benchi hasimami mtu. Wazazi ndio anaowalaumu. Wanakaa chumbani, wananong'onezana majina juu ya kichanga kilicholala, wanasahau kwamba huyo kiumbe ataitwa uwanjani, shuleni, kwenye foleni, na siku moja na mtu mwenye hasira naye. "Jina halichaguliwi kwa kunong'ona," huwaambia wauguzi. "Jina linaitwa kwanza, ndiyo unalijua."

Basi mwanamke huyu, mwita majina hodari kuliko wote, alikuwa na jina moja asiloliita.

Likitokea kwenye kadi, hasemi kitu. Anaondoka mlangoni, anapita katikati ya mabenchi, anamfuata mwenye kadi mpaka alipokaa na kumgusa bega. "Ingia, ni zamu yako." Kama hamjui sura, anamwuliza karani kwanza. Wauguzi vijana walidhani ni heshima anayowapa wagonjwa fulani, na wagonjwa wenyewe walijiona wana bahati. Aliyejua sababu ni muuguzi mkuu peke yake, naye alikuwa mtu wa kutunza siri za watu kama anavyotunza funguo za kabati la dawa.

Lilikuwa jina la mwanawe. Sitalitaja hapa. Mama yake mwenyewe hakuwa analitaja, na mimi si mtu wa kumtangulia mtu msibani kwake.

Alikuwa mtoto wake wa kwanza, mwenye miguu isiyojua kutulia. Jua likielekea kuzama, wenzake wako nyumbani, yeye yuko kule kwenye karakana za mbao anaokota vipande vya kuundia magari. Mama yake alikuwa anasimama mlango wa uani, anajaza kifua hewa, anaita. Wito ule ulivuka ua, ukavuka mtaa wa pili, ukafika wa tatu. Na kabla haujaisha, dada yake mdogo, aliyekuwa anacheza pale uani na wala hajui kaka yuko wapi, alikuwa anamjibia: "Anakuja, mama!" Uongo mtupu. Lakini ulikuwa uongo unaogeuka kweli, maana baada ya muda kaka anatokea, magoti yana vumbi, mfukoni mna misumari. Mama anamwambia maneno yale yale kila siku: "Umechelewa. Kanawe miguu."

Kisha ikaja homa, ikamchukua ndani ya siku chache. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sitajifanya naujua. Ninachojua ni kwamba baada ya mazishi mwanamke yule aliishi kwa kunong'ona. Dukani alinong'ona, kwa majirani alinong'ona, mumewe alilazimika kuinama ili amsikie. Muuguzi mkuu alikuwa anakaa mtaa wa tatu, na kwa muda mrefu alizoea kubandika sufuria jikoni kila anaposikia ule wito wa jioni. Siku moja akaja, akaketi, akasema bila kuzunguka, "Sufuria yangu siku hizi inachelewa. Sauti ile usiiache ife ndani. Njoo kazini kwetu, tuna ukumbi mzima hausikii." Ndivyo alivyopata kazi. Kwa hiyo sauti inayomlisha mpaka leo ilikuzwa na jina lile, na jina lile ndilo pekee alilolinyima sauti.

Nyumbani mambo yalikuwa hivyo hivyo. Picha ya mtoto ilining'inia ukutani juu ya redio, ikafutwa vumbi kila wiki, bila kutajwa jina. Binti alisema "kaka" tu, na baadaye akawa hasemi hata hilo, maana kila akilisema mama aliinuka kwenda kutazama kitu jikoni. Baba yao, mtu wa maneno machache tangu mwanzo, naye alitangulia mbele ya haki. Nyumba ikabaki na wanawake wawili wanaolikwepa neno moja kama watu wanavyokizunguka kiti kibovu ambacho hakuna mwenye moyo wa kukitupa.

Binti akakua, akaolewa na fundi wa friji, kijana mcheshi asiyejua kukaa kimya hata akiwa na bisibisi mdomoni. Mwaka huu akajifungua mtoto wa kiume, na kwa kuwa ilikuwa rahisi kwa wote, wakahamia kwa mama ili mzazi apate kupumzika. Jina la kwanza halikuleta ubishi. Uzazi ulikuwa mgumu, mtoto alichelewa kulia, na alipolia baba yake alijikuta amekaa sakafuni nje ya chumba cha uzazi anarudia neno moja: heri, heri, heri. Basi akaitwa Heri.

Kazi ikawa jina la katikati.

Fundi wa friji alilivalia njuga. Kila jioni alikuwa na jipya, na kila jipya lilipelekwa kwa mama mkwe kama nguo inayopelekwa kupimwa.

"Heri Baraka," alisema siku ya kwanza.

"Hiyo ni kadi ya sikukuu," alijibu Kipaza bila kuinua macho kwenye uzi anaofuma.

"Heri Imani."

"Sema kwa sauti. Unaona? I imeila i. Ukumbini watasikia Herimani, na atasimama babu mmoja asiyehusika."

"Heri Shujaa, basi!"

"Mpaka siku ya sindano. Atalia, na ukumbi mzima utamcheka."

"Mama, Heri Subira. Hilo huna la kusema."

"Ninalo. Kila atakayekutana naye atamkamilishia methali kabla hata hajamsalimia. Mtoto atazeeka anaambiwa subira huvuta heri. Wewe ungependa?"

Fundi akacheka mpaka akakohoa. Akaenda kwenye friji aliyokuwa ameilaza uani, akaifungua mgongo, huku akiendelea kuyataja majina kwa wimbo. Alidhani mama mkwe wake ni mgumu tu wa kuridhika. Hakujua kwamba kila jina analolileta, Kipaza alilipima kando ya jingine aliloliweka kimya, na kila lililoletwa likapungukiwa. Maana yeye alijua tangu siku ya kwanza. Sikio lake la kazi halikumwomba ruhusa. Aliposikia "Heri" tu, fupi, jepesi, linalotaka refu la kulisukuma, lile jina lilikuja lenyewe likasimama nyuma yake, likakaa sawasawa kama mfuniko unavyokaa kwenye chungu chake. Akakasirika, kwa sababu lilikaa vizuri.

Binti yake alikuwa hasemi. Majina yakitajwa yeye anamfunga mtoto nepi, anamfungua, anamfunga tena. Kipaza alijua ukimya huo unatoka wapi na unaelekea wapi, na aliuogopa.

Ikabaki wiki moja kabla ya siku ya chanjo. Siku hiyo mtoto angepelekwa ukumbini, na ukumbini huitwa kwa majina mawili, kwa sababu akina Heri ni wengi. Na wa kumwita angekuwa bibi yake.

Alasiri moja, fundi yuko kazini, binti alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni. Kipaza anamwagia maji kwa kikombe.

"Mama," alisema binti, macho kwenye maji. "Wewe unalijua ninalolitaka."

Kipaza akaendelea kumwaga.

"Sitaliweka bila wewe. Nimemwambia na baba Heri kwamba tungoje. Ukisema hapana, tutachukua lolote, hata hilo la Shujaa. Ila sitaki kulichukua kwa wizi, halafu mjukuu wako akue hapa ukimwita nusu jina."

"Majina yameisha duniani?" alisema Kipaza. Sauti ilitoka ndogo, ile ya kunong'ona.

"Hayajaisha. Lakini mimi nilikuwa na kaka, mama. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Lake lipo. Ni hilo tu alilotuachia, na sisi tumelifungia kabatini." Binti akamwinua mtoto, akamfunika taulo, na sasa analia wazi. "Mimi naanza kulisahau lilivyokuwa likisikika. Nakumbuka ninavyojibu. Wito wenyewe siukumbuki."

Kipaza akaweka kikombe chini. Akachukua beseni, akatoka kwenda kumwaga maji, na alikaa huko nje muda mrefu kuliko maji yale yalivyohitaji.

Kesho yake kazini, kadi ya tano ilikuwa ya mpaka rangi mmoja, fundi wa kupaka kuta.

Huyu alikuwa mtu mzima mwenye mvi, ndevu zimetapakaa rangi ya kijani ya ukuta wa mtu. Alianguka kwenye ngazi akachubuka vibaya mguu, na kila baada ya siku mbili tatu alikuja kusafishwa kidonda. Alikuwa na jina lile. Kipaza alimfuata benchini kama kawaida yake, akamgusa bega. "Ingia, baba, ni zamu yako."

Mpaka rangi hakuinuka.

"Dada, kaa kidogo nikuulize. Mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, baba."

"Mbona wenzangu wote unawaita, mimi unakuja kunigusa? Unajua watu wa foleni wamekwisha amini mimi ni kiziwi? Juzi mama mmoja kanipigia ukelele sikioni kuniuliza saa. Huyu hapa jirani yangu ananisalimia kwa mikono."

Jirani, mzee mwenye bakora, akatazama kando kwa aibu. Watu wawili watatu wakacheka.

"Siyo hivyo, baba," alisema Kipaza.

"Basi jina langu lina kosa gani?"

"Halina kosa lolote."

"Halina kosa. Mimi jina langu nalipenda. Hata ngazi iliponiangusha, mwenzangu alilipiga kelele kwanza, ndipo akaja kuniinua. Liite, nami niinuke kama watu."

Kipaza alifungua mdomo. Ukumbi ukamtazama. Kifua alikijaza, kama anavyokijaza kwa wengine wote, na kikabaki kimejaa hivyo hivyo. Naye mpaka rangi, ambaye alikuwa mkali lakini hakuwa mjinga, akaona kwamba hapa pana jambo lisilomhusu.

Akajiinua taratibu, akishikilia benchi. "Sawa. Leo nimekusamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini keshokutwa nakuja kubadilisha bandeji. Nitakaa benchi la nyuma kabisa, na sinyanyuki mpaka niitwe. Wanifungie humu."

Akaingia ndani anachechemea, ananung'unika juu ya ngazi za siku hizi.

Kipaza alimtazama mgongo wake mpaka mlango ukafungwa. Kwa miaka yote ile, jina lile kichwani mwake lilikuwa na magoti yenye vumbi na misumari mfukoni, basi. Hakuwahi kufikiria kwamba lingeweza kuota mvi. Hakuwahi kufikiria kwamba kuna mtu analo mpaka leo, anafanya nalo kazi, ananuna nalo, analipenda. Alikuwa ameligusa bega mara ngapi bila kulitazama usoni? Aliona aibu, na ndani ya aibu hiyo kulikuwa na kitu kingine, chepesi, ambacho hakukijua jina lake. Akachukua kadi iliyofuata, akaita, na wale wa benchi la mbele walisema sauti yake siku hiyo ilikuwa na mafua.

Alirudi nyumbani jua linapungua ukali. Fundi wa friji alikuwa uani, amepiga magoti mbele ya friji yake, anaongea nayo.

"Mama, shikamoo, umerudi? Nimepata moja leo, hili hulikatai. Sikiliza: Heri Makini!"

"Marahaba. Nyamaza kidogo, mkwe wangu," alisema Kipaza, lakini kwa upole.

Akautua mkoba juu ya friji. Hakuingia ndani. Akaenda kusimama mlango wa uani, pale pale, ambapo kizingiti kimechimbika kidogo kwa miguu ya watu wa nyumba hiyo. Akaivua miwani, akaiacha ining'inie. Mbele yake palikuwa na kamba ya nguo yenye nepi, ukuta wa jirani, mabati ya mtaa wa pili, na mbali kidogo moshi wa karakana za mbao. Fundi alimwona anavuta pumzi, akafikiri labda anaumwa, akaanza kuinuka.

"Heri!" aliita Kipaza.

Jina likaenda mpaka ukutani, likaishia hapo. Fupi, kama alivyojua.

Akavuta pumzi tena. Akaishikilia fremu ya mlango. Na safari hii hakuacha nafasi ya kufikiri.

"Heri Zakaria!"

Likavuka nepi, likavuka ukuta, ile a ya mwisho ikapita juu ya mabati ya mtaa wa pili na bado inakwenda. Kuku wa jirani wakanyamaza. Fundi wa friji alibaki ameinua bisibisi hewani. Machozi yalikuwa yanamtiririka Kipaza mpaka kidevuni, wala hakuyafuta. Akaita mara ya pili, maana kazini kwake mtu huitwa mara mbili.

"Zakaria! Heri Zakaria!"

Ndani ya nyumba kitu kikaanguka, kijiko au kikombe. Kisha ikaja sauti, ya mwanamke mzima, lakini ile haraka yake ilikuwa ya mtoto wa zamani anayemfichia mwenzake.

"Anakuja, mama!"

Na kweli akaja, amebebwa mikononi na mama yake anayekimbia, taulo linaburuzika, soksi moja imemvuka. Walipofika mlangoni binti hakuweza kuendelea, akasimama analia, akamnyooshea mama yake mtoto tu.

Kipaza akampokea. Akazitazama nyayo zile ambazo bado hazijakanyaga ardhi, akazifunika zote mbili kwa kiganja kimoja.

"Umechelewa," alimwambia. "Kanawe miguu."